Mokowe Pia ni Stoo: Mwongozo wa Kuweka Programu ya Biashara kwa Maduka ya Jumla na Viwanda Vidogo vya Lamu

Programu nyingi za kusimamia bidhaa zimeandikwa na watu ambao lori lao husimama mlangoni mwa stoo. Kwetu Lamu lori linaishia Mokowe, gati la upande wa bara. Pale mzigo unashushwa, unapakiwa mashuani, unavuka hadi Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, unashushwa tena gatini, kisha punda au mkokoteni unaupeleka dukani kupitia vichochoro ambavyo punda wawili wenye magunia hupishana kwa shida. Ukinunua programu ya bei kubwa na kuiweka vile vile alivyoelekeza muuzaji wa Nairobi, itakuambia stoo yako ina sukari ambayo kwa kweli iko chini ya turubai ng'ambo ya maji.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la jumla pale Amu, mwenye tanuri la mikate, mwenye karakana ya samani anayepokea oda za nyumba za wageni Shela, na mwenye duka la Faza au Kizingitini kisiwani Pate anayechukua bidhaa kwa mtu wa Amu. Ikiwa bidhaa zako ni thelathini na unazijua zote kwa kichwa, daftari linatosha. Usipoteze pesa.

Yanayotokea kwa wakubwa, na yanayotuhusu

Kampuni kubwa za dunia ziko mbioni kuhama. SAP ya Ujerumani, inayouza programu za kuendeshea biashara, imetangaza kuwa msaada wa kawaida kwa toleo lake la zamani linalotumiwa na viwanda vingi utakoma mwisho wa 2027, kwa hiyo wateja wake wanasukumwa kwenye programu za mtandaoni zinazolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Jambo hilo limetushukia hata sisi: siku hizi ni nadra kuuziwa programu ukawa nayo moja kwa moja. Unaikodi. Usipolipa, unafungiwa nje ya hesabu zako mwenyewe.

Jingine ni akiba. Kwa miaka mingi viwanda vilifundishwa kufuata mtindo wa Toyota, mzigo ufike siku unapohitajika na si kabla. Kisha ikaja korona, ikaja meli ya Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez kwa siku sita Machi 2021, na tangu mwisho wa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yakazifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Sasa wataalamu wanashauri watu waweke akiba ya kutosha. Mzee yeyote wa Amu aliyejaza unga na mchele kabla ya kusi angeweza kuwaambia hayo bila kulipwa.

La tatu ni utabiri wa mauzo kwa akili unde (AI). Nitalirudia kwenye Ramadhani, maana hapo ndipo linapoteleza.

Hatua ya kwanza: fuata gunia moja

Kabla ya kumpigia muuzaji yeyote wa programu, chukua daftari na kalamu. Chagua bidhaa nne au tano zinazotembea sana, kisha kwa kila oda andika tarehe na saa ya mambo haya: ulipoagiza Mombasa, mzigo ulipopakiwa, lori lilipofika Mokowe, mashua ilipong'oa, mzigo ulipoingia stoo. Andika na malipo ya kila mahali.

Fanya hivyo kwa mwezi mzima au zaidi. Usimtume mtoto wa dukani tu akakuletea karatasi. Nenda Mokowe mwenyewe walau mara moja, ukae gatini. Mazungumzo kama haya utayasikia, na ndani yake mna somo ambalo hakuna kitabu cha programu kitakachokupa:

"Ami, magunia arubaini yote umepakia?"

"Thelathini na manne, mwanangu. Sita yako pale chini ya turubai. Yatavuka jioni maji yakijaa."

"Lakini dukani wameshaandika arubaini."

"Basi waambie wasiuze hayo sita."

Dukani kwa wakati huo ankara ya Mombasa imesoma 40, karani ameingiza 40, na mteja wa Siyu ameahidiwa magunia yote kwa simu. Jioni upepo umekaza, mashua haikutoka. Kesho yake mtu wa Siyu amekuja na chombo chake amekodi, mzigo haujatimia. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Kuna magunia sita ambayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Ukimaliza mwezi utakuwa na namba mbili zilizo muhimu kuliko zote: wastani wa siku kutoka kuagiza hadi kuingia stoo, na siku nyingi kabisa zilizowahi kupita. Zitunze.

Hatua ya pili: safisha orodha ya bidhaa

Kazi hii inachosha, na wengi huiruka. Mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target kutoka Marekani iliingia Kanada, ikafungua maduka zaidi ya mia moja kwa muda mfupi. Taarifa za bidhaa ziliingizwa kwenye mfumo mpya mbiombio zikiwa na makosa tele: vipimo vya inchi mahali pa sentimita, upana mahali pa urefu, idadi ya vitu kwenye katoni isiyo sahihi. Maghala yakafurika huku rafu za duka zikiwa tupu. Januari 2015 wakatangaza kuondoka nchi nzima. Mfumo wao haukuwa wa bei rahisi.

Kwetu makosa hayo yana sura nyingine. Bidhaa moja ina majina matatu: "sukari", "sukari nyeupe", "suk 50". Mafuta yananunuliwa kwa jerikeni la lita 20 na kuuzwa kwa nusu lita. Unga unaingia kwa belo la pakiti 12 za kilo mbili, unatoka kwa pakiti. Sabuni inaingia kwa katoni na kutoka kwa mche, na mara nyingine mche unakatwa vipande.

Fanya hivi. Fungua jedwali la kompyuta, Excel au lolote la bure. Kila bidhaa iwe na mstari mmoja na jina moja, likianza na aina, kisha chapa, kisha ujazo. Weka safu ya kipimo cha kununulia, safu ya kipimo kidogo kabisa cha kuuzia, na safu ya uhusiano wao: jerikeni 1 ni lita 20, belo 1 ni pakiti 12, gunia 1 ni kilo 50. Ndani ya programu hesabu zote zishikwe kwa kipimo kidogo. Ukishika sukari kwa gunia na unauza kwa robo kilo, utaona stoo ina "gunia 3.985" na hakuna atakayejua maana yake.

Weka pia namba ya msimbopau kwa kila kilicho nayo. Wengi huambiwa kwamba namba inayoanza na 616 ni dalili bidhaa imetengenezwa Kenya. Inachoonyesha hasa ni kwamba mwenye namba amesajiliwa na GS1 Kenya, tawi la shirika linalotoa namba hizi duniani. Bidhaa zisizo na msimbo, kama mchele wa kupima, nazi, na mkate wako mwenyewe, zipe namba fupi za ndani na uzibandike ukutani karibu na mashine ya kuuzia. Na ukiwa kiwandani unataka mkate au halua yako iingie supamaketi za Malindi na Mombasa, hapo utahitaji kujisajili upate namba rasmi. GS1 imeweka mwisho wa 2027 kuwa lengo la mashine za kaunta duniani kuweza kusoma misimbo ya mraba, jamaa ya QR, inayobeba hata tarehe ya kuharibika. Kama unanunua kisomaji leo, nunua kinachosoma aina zote mbili, usije ukanunua tena.

Hatua ya tatu: chagua programu

Mafungu ni matatu. Kuna programu za hesabu zilizozoeleka na wahasibu wetu, kama QuickBooks na Tally. Hizi zina nguvu kwenye vitabu vya hesabu, lakini kabla ya kuzichukua angalia kwa macho kama toleo unalouziwa linaweza kushika stoo zaidi ya moja. Kuna programu pana zenye mauzo, stoo, kiwanda na hesabu pamoja: Odoo ya Ubelgiji ina toleo la jumuiya lisilo na ada ya leseni, na ERPNext ya India nayo ni huru. Bure hapa ni leseni tu. Seva, kuisakinisha na fundi wa kuitunza utalipa. Fungu la tatu ni programu ndogo za simu za kuuzia dukani. Zinafaa kwa kioski, na kwa duka la jumla utazichoka mapema.

Kwa biashara yenye stoo Amu na mzigo njiani kila wiki, mimi ningeanza na fungu la pili, nikiwa na fundi anayefikika kwa miguu au kwa basi la siku moja. Fundi aliye Malindi na anayepokea simu ana faida kuliko kampuni kubwa ya Nairobi inayokupa namba ya tiketi.

Muuzaji akija na kompyuta yake ya maonyesho, mwambie azime intaneti, kisha auze sukari kilo tatu na kutoa risiti. Umeme wetu unakuja kwa laini ndefu kutoka bara na mtandao hukatika. Programu isiyouza bila intaneti haikufai. Mwambie akuonyeshe mzigo uliotoka stoo moja na bado haujafika stoo nyingine unaonekana wapi. Mwambie apakue bidhaa zote na madeni yote ya wateja kwenye jedwali, mbele yako, bila kumpigia mtu simu. Muulize kama imeunganishwa na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, na kwa njia gani. Akisema "hiyo tutaifanya baadaye," mpe chai aende zake.

Na wewe nawe uwe tayari kubadilika kidogo. Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilihangaika miaka saba na mfumo wa SAP, ikauacha 2018 baada ya kutumia takriban yuro milioni 500. Kikwazo kimoja kilichotajwa sana ni kwamba Lidl ilizoea kuhesabu thamani ya stoo kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulijengwa kwa bei ya kuuzia, na kila upande ukashikilia wake. Programu ikitaka uandike jina la mteja kabla ya kumkopesha, andika. Ila jambo moja usilegeze: njia ya mzigo wako. Hiyo programu ndiyo iifuate.

Hatua ya nne: ipe Mokowe mahali pake

Ndani ya programu fungua mahali patano: Lori, Mokowe, Stoo ya Amu, Duka, na Hasara. Ukiwa na tawi Faza, ongeza "Chombo cha Faza" na "Faza". Programu pana karibu zote zinakubali kuongeza mahali bila gharama.

Mzigo ukipakiwa Mombasa, karani anaupokea kwenye "Lori". Ukishushwa, mtu wako wa Mokowe anapiga picha ya karatasi ya dereva na kutuma kwa WhatsApp, na karani anahamisha idadi iliyoshuka kweli. Mashua ikifika, kinachohesabiwa gatini ndicho kinachoingia "Stoo ya Amu". Kilicholowa au kupasuka kinaingizwa "Hasara", palepale, kikiwa na jina la safari. Na mauzo yaruhusiwe kutoka Duka na Stoo ya Amu peke yake. Mteja akiuliza, muuzaji anaona kuna 34 hapa na 6 Mokowe, na anasema ukweli.

Hata wakubwa waliumia hapa. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliwasha mifumo mipya 1999, na msimu wao mkuu wa peremende ukawakuta hawawezi kutimiza oda za takriban dola milioni 100 ilhali bidhaa walikuwa nazo. Kama ilivyoripotiwa, sehemu ya tatizo ilikuwa vyumba vya ziada walivyozoea kurundika peremende wakati wa msimu. Wafanyakazi walivijua. Mfumo haukuvijua.

Sasa gharama. Bei ya ankara ya Mombasa haifai kuwa msingi wa faida yako. Chukua namba za mfano tu: gunia la sukari shilingi 6,000 kwenye ankara, lori 200, kushusha Mokowe 30, mashua 70, hamali na punda 50. Stooni limekugharimu 6,350. Ukiliuza 6,300 ukijiona umepata 300, umepoteza 50, na kadiri unavyouza zaidi ndivyo unavyozama. Odoo na ERPNext zote zina mahali pa kuongeza gharama hizi juu ya mzigo uliopokewa. Mwambie fundi apawashe siku ya kwanza.

Amua pia jinsi ya kuzigawa. Ukigawa nauli ya mashua kwa thamani ya bidhaa, betri na vipodozi vitabeba nauli ambayo havikuitumia, na karatasi za chooni, ambazo ni nyepesi lakini zinajaza chombo kizima, zitavuka karibu bure. Nauli inayolipwa kwa gunia au katoni igawe kwa idadi. Ya lori lililokodiwa zima igawe kwa uzito, isipokuwa mzigo wa vitu vikubwa vyepesi. Huo ugawe kwa nafasi.

Hatua ya tano: lini uagize

Zile namba mbili za hatua ya kwanza sasa zinafanya kazi. Tuseme unauza wastani wa magunia 6 ya sukari kwa siku, na mzigo huchukua siku 5. Utahitaji 30 kusubiria. Lakini siku mbaya ziko: umewahi kuuza 9 kwa siku, na mzigo umewahi kukaa siku 9. Tisa mara tisa ni 81. Ukitaka usikose sukari hata mambo yakiharibika pamoja, agiza stoo inaposhuka hadi 81. Kati ya hayo 51 ni akiba ya dharura.

Hesabu ni rahisi, pesa ndizo ngumu. Magunia 51 kwa 6,350 ni zaidi ya shilingi laki tatu zimelala. Huwezi kufanya hivyo kwa kila bidhaa. Tenga zile ambazo mteja akizikosa anaondoka na oda yake yote kwenda kwa jirani: sukari, unga, mchele, mafuta. Hizo zipe akiba kamili. Za kati zipe nusu. Zilizobaki, kama viatu vya plastiki na vikombe, ziishe tu, utaleta tena.

Kisha badilisha namba kwa msimu, maana programu nyingi zinakaa na namba moja mwaka mzima mpaka uziguse. Wakati wa kaskazi, bahari tulivu na barabara kavu, siku nyingi kabisa zinaweza kuwa 6 na mauzo ya juu 8, basi 48 zinatosha. Masika na kusi vikija pamoja, kati ya Aprili na katikati ya mwaka, rudisha 81 au uongeze. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipokata barabara upande wa Gamba na Garsen, malori yalikwama huku wateja wa Amu wakiuliza unga. Weka ukumbusho kwenye simu mara mbili kwa mwaka, mwezi mmoja kabla ya msimu kugeuka.

Ramadhani sasa. Programu zinazotabiri mauzo hutazama mwezi kama huu mwaka jana. Lakini mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida. Ramadhani ya 2023 ilianza karibu tarehe 23 Machi. Ya 2026 ni katikati ya Februari. Programu itakuagizia tende, tambi, ngano na sukari ya futari mwezi ambao watu wameshasherehekea Idi, na itashangaa kwa nini Februari imeruka. Akili unde haijui mwandamo usipoiambia. Kama programu ina sehemu ya matukio, ingiza tarehe za Ramadhani, Idi zote mbili na Maulidi kwa miaka miwili iliyopita na ujao. Kama haina, zima utabiri kwa bidhaa za futari na uziagize kwa mkono ukitazama mauzo ya Ramadhani iliyopita, kuanzia Shaabani. Maulidi nayo inaleta wageni wengi mjini, na kwa mwenye tanuri wiki hiyo ni kubwa kuliko Desemba ya watalii.

Hatua ya sita: mwenye kiwanda

Tanuri la mikate, mtengeneza halua, karakana ya samani: nyinyi mna jambo ambalo duka halina. Kinachoingia si kinachotoka. Ndani ya programu andika kwa kila bidhaa malighafi zake na vipimo, pamoja na kuni au gesi na mifuko. Fundi wa samani aandike mbao kwa futi, misumari, gundi, na siku za kazi za kuchonga, maana nakshi ndiyo inayokula muda na mara nyingi haiingizwi kwenye bei.

Faida kubwa ni kuona pengo. Tuseme gunia la kilo 50 linapaswa kutoa mikate 170, na leo imetoka 158. Usimrukie fundi wa tanuri. Pima mkate mmoja kwanza; mara nyingi vidonge vya unga vimekatwa vikubwa kwa gramu chache tu, na gramu 30 kwa kila mkate zinamaliza mikate kumi na zaidi kwa gunia. Ukiona pengo lileile kwa zamu moja tu, hapo una la kuuliza.

Hamira na maziwa yaingizwe pamoja na tarehe ya kuharibika, na programu ipangwe itoe kwanza kinachokaribia kuharibika. Joto la stoo zetu haliheshimu tarehe ya pakiti, kwa hiyo ipunguze kidogo ile iliyochapishwa.

Hatua ya saba: kodi, simu na madeni

Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa, haikubaliwi na KRA kupunguza faida inayotozwa kodi. Maana yake programu iangalie pande zote mbili: unayouza na unayonunua. Mfumo wako unaweza kuunganishwa kwa mojawapo ya njia mbili za KRA: OSCU, inayohitaji intaneti wakati wote, au VSCU, iliyokusudiwa wenye ankara nyingi na ambao hawako mtandaoni muda wote. Kwa kisiwani omba VSCU.

Tatizo letu ni nahodha na hamali. Nauli ya mashua ni gharama halali, lakini nahodha hana eTIMS. Marekebisho ya sheria ya 2024 yalifungua njia ya mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kaa na mhasibu wako mpange jambo hili mapema, mkiwa na nahodha mwenyewe, kwa sababu linahitaji ridhaa yake na PIN yake, yaani namba yake ya kodi, na watu hawapendi kuulizwa PIN gatini.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ipangwe kwa kila bidhaa. Usiache zote ziwe asilimia 16. Zipo za asilimia sifuri na zipo zilizosamehewa, na hizo mbili hazifanani, kwani ya sifuri inakuruhusu kudai VAT uliyolipa kwenye manunuzi.

Malipo ya M-Pesa yaingie kwa namba ya duka iliyounganishwa na programu, si simu ya mwana wala ya shemeji. Muuzaji asiandike namba za muamala kwa mkono.

Madeni ndiyo moyo wa jumla. Mteja wa Kizingitini anachukua mzigo leo, analipa safari ijayo. Mwekee kila mmoja kikomo, na programu ikatae kikipita mpaka mwenye duka aidhinishe. Usione haya. Supamaketi ya Nakumatt ilipoanguka na wadai kupiga kura ifungwe Januari 2020, wasambazaji wengi waliachwa na madeni yasiyolipika, na wengi wao walikuwa wakimpelekea mzigo kwa kuwa ni mkubwa na anajulikana. Kumbuka pia orodha ya wadeni wenye majina, simu na namba za vitambulisho inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Isibandikwe ukutani, wala isitumwe kwenye kundi la WhatsApp ili kumuaibisha mtu.

Hatua ya nane: siku ya kuanza

Usiwashe mfumo mpya Shaabani wala Desemba. Chagua wiki tulivu, baada ya Idi wageni wakiwa wachache. Funga duka jioni, hesabu kila kitu usiku huo kwa watu wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, bila kuwaonyesha namba za daftari la zamani. Wakiziona, watahesabu mpaka zifanane.

Daftari liendelee sambamba kwa wiki mbili, si zaidi. Likiendelea mwezi, wauzaji watarudi daftarini na programu itakuwa ya kumwonyesha mgeni. Nunua betri ya kuhifadhi umeme inayotosha kompyuta, rauta na printa kwa saa mbili, na laini za mitandao miwili tofauti. Kila usiku nakala ya taarifa iende mahali pawili, moja nje ya kisiwa. Hewa ya chumvi inakula vifaa. Kompyuta iliyo mlangoni ikitazama bahari haimalizi miaka mingi.

Mpe mtu mmoja tu, na msaidizi wake, ruhusa ya kurekebisha hesabu za stoo, na kila marekebisho yawe na sababu iliyoandikwa. Kisha kila Alhamisi hesabuni bidhaa ishirini tu, zikiwemo zile tano zinazotembea kuliko zote, pamoja na chochote kilichoandikwa kiko Mokowe kwa zaidi ya siku mbili. Hicho cha Mokowe kianze kwanza, kabla mashua ya mwisho haijang'oa, ili mtu wako wa kule apate nafasi ya kwenda kuinua turubai na kupiga simu.